Asili ya Kianzishi cha Kompyuta na Matengenezo Yake Penye Mifumo Mingi

Neno buti limeingia katika Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza liliingia pamoja na kiatu chenyewe, kile kizito cha askari na cha mfanyakazi wa kiwandani. Mara ya pili liliingia pamoja na kompyuta, nalo likawa kitenzi: mafundi husema kuwa mashine inabuti, imebuti, au imekataa kubuti. Asikiaye maneno haya mawili hudhani ya kuwa yamekutana kwa sauti tu, kama yanavyokutana paa wa mwituni na paa la nyumba. Lakini sivyo. Kitenzi cha fundi kimetoka katika kiatu kile kile cha askari, na njia iliyopita ni ya ajabu kidogo.

Buti za zamani zilishonewa vitanzi vya ngozi au kitambaa kwenye ukingo wa juu, ili mvaaji atie vidole na kuvuta. Huko Marekani katika karne ya 19 watu walikuwa na usemi wa mzaha juu ya mtu atakaye kujiinua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, yaani atakaye kufanya jambo lisilowezekana. Wahandisi wa miaka ya 1950 waliuona usemi huo kuwa wafaa sana kwa tatizo lililowakabili. Kompyuta hutenda yale tu yaliyomo katika kumbukumbu yake. Inapowashwa, kumbukumbu hiyo ni tupu. Ili programu iingie humo, yahitajiwa programu nyingine ya kuiingiza. Na hiyo nyingine, je, itaingizwa na nani? Mashine haina budi kujivuta kwa vitanzi vyake. Usemi ulifupishwa, vitanzi vikaachwa, kikabaki kiatu peke yake, na kiatu hicho ndicho tulichopokea.

Katika makala haya nitaiita programu hiyo kianzishi. Silikatai neno la mafundi, kwani limekwisha kuota mizizi na lina unyambuaji wake. Ila nahitaji nomino isiyogongana na kiatu. Nakusudia kueleza asili ya kianzishi, na hasa namna kinavyoharibika na kutengenezwa katika kompyuta iliyo na mifumo endeshi miwili au zaidi. Watafiti wengi wa lugha siku hizi huweka rekodi za sauti, orodha za msamiati na tasnifu nzima nzima ndani ya diski, na si wachache walio na Windows na Linux katika mashine moja, ya kwanza kwa kazi za ofisi na ya pili kwa programu za kuchanganua matini. Siku kianzishi kinapoharibika, kioo hubaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza. Mwenye mashine huweza kuambiwa ya kuwa diski imekufa na kwamba dawa ni kuifuta na kuanza upya. Aghalabu diski haikufa. Kilichoharibika ni baiti mia chache kati ya mabilioni, na kazi yake yote ipo palepale alipoiacha. Atakayefuta diski hiyo ataangamiza kwa mkono wake kile ambacho hitilafu haikukigusa.

Tuanze na mashine za kwanza. Huko Cambridge, Uingereza, mashine iitwayo EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. David Wheeler aliitungia amri 31 za mwanzo, zikafungwa katika swichi za aina iliyotumika katika vituo vya simu. Mtu alipobonyeza kitufe, amri hizo ziliingia katika kumbukumbu na kuanza kusoma programu kutoka katika utepe wa karatasi wenye matundu. Jambo la kupendeza kwa mwanaisimu ni kuwa amri za Wheeler hazikusoma tu. Mtungaji wa programu aliandika herufi moja kwa kila tendo, na anwani kwa hesabu ya kawaida ya kumi kumi; amri zile 31 ziligeuza maandishi hayo kuwa tarakimu za mashine. Kianzishi hicho cha awali kilikuwa mkalimani pia.

IBM ilipotoa mashine yake ya 701 katika mwaka 1952, iliitia kitufe cha kupakia. Kitufe kilipobonyezwa, mashine ilivuta fungu moja la tarakimu 36 kutoka katika kadi yenye matundu, au utepe wa sumaku, au pipa la sumaku, kisha ikaitekeleza nusu ya kushoto ya fungu hilo kama amri. Amri hiyo ndiyo iliyovuta yaliyofuata. Wahandisi huliita fungu kama hilo "neno", na tangu hapo mashine zimeanza kazi kwa neno la kwanza lililotoka nje yake. Mashine nyingine ndogo zilizofuata hazikuwa hata na kitufe hicho. Altair 8800 ya mwaka 1975 ilimtaka mwenyewe ainue na kushusha swichi za mbele, moja moja, mpaka kianzishi kizima kikaingia. Yasimuliwa na Paul Allen mwenyewe ya kuwa alipokuwa ndani ya ndege akipeleka lugha ya BASIC aliyoitengeneza na Bill Gates kwa watengenezaji wa Altair mjini Albuquerque, alikumbuka kuwa hawakuandika kianzishi, akakiandika angani kabla ndege haijatua.

Hadi hapo kulikuwa na mashine moja na mfumo mmoja. Ugomvi ulianza pale mifumo ilipokuwa mingi.

Kompyuta ya mtu binafsi ya IBM ilitolewa Agosti 1981. Katika ubao wake mlikuwa na programu ya kudumu iitwayo BIOS, na kazi ya mwisho ya BIOS ilikuwa kusoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, kuiweka katika anwani 31,744 ya kumbukumbu, na kuikabidhi uendeshaji. Anwani hiyo haikuchaguliwa ovyo: kumbukumbu ndogo iliyokusudiwa kwa mfumo wa diski ilikuwa kilobaiti 32, ambazo ni baiti 32,768, na watungaji walirudi nyuma baiti 1,024 kutoka mwisho, nusu kwa sekta yenyewe na nusu kwa kazi zake. Kilobaiti 32 zimekwisha kusahauliwa, lakini namba ile imebaki, na mashine nyingi zilizoundwa miaka thelathini baadaye zilikuwa bado zikiitii.

Mwezi Machi 1983 ilikuja PC XT na diski ngumu ya megabaiti 10, pamoja na toleo la 2.0 la PC DOS. Hapo ndipo sekta ya kwanza ya diski ngumu ilipopangwa kwa mpango uliodumu. Baiti 446 za mwanzo ni za kianzishi. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la vizigeu, nafasi 4 za baiti 16 kila moja. Baiti 2 za mwisho ni alama, 85 na 170, ambazo BIOS huzitazama kabla ya kuiamini sekta. Neno kizigeu nimelichagua kwa kuwa ndilo Waswahili walitumialo kwa ukuta mwepesi au pazia la kugawa chumba, na kizigeu cha diski ni kitu hicho hasa: diski ni moja, ila imekatwa ili wakazi wasiingiliane. Kati ya vizigeu 4, kimoja hutiwa alama ya 128, maana yake "anza na huyu".

Msomaji atambue ya kuwa waliotunga mpango huu hawakuisahau mifumo mingi. Kompyuta ya IBM ilitangazwa tangu mwanzo kuwa itapata mifumo mitatu, PC DOS, CP/M-86 na UCSD p-System, na jedwali la nafasi 4 liliwekwa ili wenye mifumo mbalimbali wakae diski moja kwa amani. Kila mmoja alipewa chumba chake. Walichokiacha bila sheria ni mlango. Baiti 446 zilikuwa za wote, hazikuwa na mwenyewe aliyeandikwa, na mfumo wowote uliokuwa ukifungwa uliweza kuzifuta na kuandika zake. Karibu matatizo yote ya miaka thelathini iliyofuata yametoka katika uamuzi huu mmoja, au tuseme katika kutoamua.

Hapa naomba ruhusa ya kugeuka kidogo upande wa lugha, kwa kuwa pana jambo ambalo wahandisi huliona dogo. Ndani ya baiti hizo 446, kianzishi cha Microsoft hubeba maonyo matatu ya Kiingereza: kwamba jedwali la vizigeu ni baya, kwamba mfumo umeshindwa kupakiwa, na kwamba mfumo haupo. Pamoja na nafasi baina ya maneno, maonyo hayo huchukua herufi 23, 30 na 24, jumla 77, karibu sehemu moja ya sita ya eneo zima. Windows ilipotafsiriwa kwa lugha nyingine, urefu wa maonyo ulibadilika, nayo mashine haiwezi kubahatisha mahali onyo linapoanzia. Kwa hiyo kuanzia Windows 2000 baiti tatu, ya 437, 438 na 439, zilitengwa ili kuonyesha mahali kila onyo linapoanzia. Nadhani hii ndiyo nafasi finyu kuliko zote ambamo wingi wa lugha za dunia umewahi kutambuliwa na kutungiwa kanuni.

Nimejaribu kupima Kiswahili katika nafasi hiyo. "Jedwali la vizigeu si sahihi" lina herufi 28 pamoja na nafasi. "Hitilafu katika kupakia mfumo endeshi" 37. "Mfumo endeshi haupo" 19. Jumla ni 84, ziada ya 7 tu juu ya Kiingereza. Katika kianzishi cha Windows XP ya Kiingereza kuna baiti 57 tupu baada ya maonyo. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema ya kuwa lugha yetu haikuenea humo kwa urefu wa maneno yake. Nalitaja hili kwa sababu mtu asiyejua Kiingereza, akiona onyo la tatu, hana njia ya kutambua kuwa mashine inamwambia habari ya mfumo na si ya diski. Tofauti kati ya habari hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kutengeneza na kufuta.

Tena kwenye historia. Linus Torvalds alianza kuutangaza mfumo wa Linux katika mwaka 1991, na wengi walioufunga walikuwa na DOS tayari katika diski zao. Katika mwaka 1992 Werner Almesberger aliwaandikia kianzishi kiitwacho LILO. LILO hakikujua kusoma majalada wala faili. Kilipofungwa, kiliandika orodha ya mahali hasa, sekta kwa sekta, ambapo kiini cha Linux kilikuwa kimelala, na kila siku kilikwenda kwa orodha ile kama mtu aendaye kwa kuhesabu hatua huku amefumba macho. Mwenye mashine akibadili kiini na kusahau kuendesha amri ya lilo upya, orodha iliongoza mahali pasipo kitu.

Lakini LILO kilikuwa na adabu moja ambayo sijaiona katika kianzishi kingine. Kiliandika jina lake herufi kwa herufi kadiri kilivyosonga mbele, na kikikwama kiliacha jina limekatika. Kioo kikionyesha L pekee na tarakimu za makosa, maana yake ni kuwa sehemu ya kwanza imeanza lakini haikuweza kuipata ya pili. LI maana yake sehemu ya pili imepakiwa ila haikutekelezeka, mara nyingi kwa sababu faili yake ilihamishwa. LIL maana yake sehemu ya pili inafanya kazi, lakini haikuweza kusoma jedwali la ramani yake; LIL na alama ya kutoa maana yake jedwali hilo limeharibika. Jina likitimia, yote yamepakiwa. Fundi alisoma ugonjwa katika silabi. Kwa herufi 4, na bila kumlazimu mtu kujua lugha yoyote, LILO kilisema mengi kuliko maonyo 3 ya Kiingereza. Uendelezaji wake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2015.

Wakati huo huo upande wa pili nao ulikuwa na desturi zake. Mfumo wa Windows ulipofungwa, uliandika baiti zake za mwanzo juu ya zilizokuwepo bila kumwuliza mtu, na LILO kikatoweka. Linux haikuguswa chumbani mwake, ila mlango haukuujua tena. Kinyume chake pia kilitokea: mtu aliyechoka na Linux alifuta kizigeu chake, na kianzishi kilichobaki sekta ya kwanza kikatafuta sehemu yake ya pili katika nyumba iliyobomolewa. Kwa hali hii ya pili dawa ilikuwepo tangu MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991, ambayo programu yake ya FDISK ilikuwa na chaguo la /MBR lisilotajwa katika kitabu chake cha maelezo. Chaguo hilo liliandika upya kianzishi cha Microsoft na kuliacha jedwali. Mafundi waliambizana kwa midomo.

Waangalifu zaidi walinakili sekta ya kwanza katika diski nyingine ili wairudishe siku ya msiba. Ushauri huo ni mzuri lakini una shimo. Aliyenakili baiti zote 512 kisha akabadili vizigeu, akija kuzirudisha zote hurudisha pamoja nazo jedwali la zamani, na vyumba vyake vyote hupotea machoni mwa mashine kwa mara moja. Yapasa kurudisha 446 tu, na kama nakala imetoka diski nyingine, 440 tu, kwa kuwa Windows NT na zilizofuata huweka alama ya utambulisho wa diski kuanzia baiti ya 440. Wanaohariri hati za kale wataielewa hatari hii bila maelezo zaidi: mnakili aliyerudisha ukurasa mzima ili kuokoa mstari mmoja.

Kianzishi kilichokuja kutawala upande wa Linux kilizaliwa kwa haja nyingine. Katika mwaka 1995 Erich Boleyn alikuwa akijaribu kuwasha mfumo wa GNU Hurd juu ya kiini cha Mach kilichotoka Chuo Kikuu cha Utah. Akaona ya kuwa kila mfumo huru ulikuwa na kianzishi chake na namna yake, akatunga kanuni ya pamoja na kianzishi cha kuifuata, akakiita GRUB. Jina hilo ni mzaha juu ya nadharia ya wanafizikia ya kuunganisha kani za maumbile. Mnamo 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji waliipokea kazi hiyo ikawa sehemu rasmi ya GNU. Tofauti yake na LILO ni kuwa GRUB hujua kusoma. Chajua mpangilio wa majalada ya mifumo mingi, chaweza kutafuta faili kwa jina, na mtu akikwama aweza kukiandikia amri papo hapo.

Elimu nyingi namna hiyo haiwezi kuenea katika baiti 446. GRUB kwa hiyo kiliweka humo kipande kidogo tu, kisha kikapanga mwili wake katika pengo. Kwa desturi ya siku zile kizigeu cha kwanza kilianzia sekta ya 63, ikihesabiwa kutoka sifuri, na sekta 62 zilizokuwa kati hazikuwa na mwenyewe. Sekta 62 ni baiti 31,744, namba ile ile ya anwani ya mwaka 1981; hiyo ni sadfa ya kweli, nami naitaja kwa kuwa imewahi kuchanganya watu. Pengo lisilo na mwenyewe lilivutia wengine pia. Programu fulani za Windows za kulinda leseni ziliandika siri zao katika sekta hizo hizo, kwa imani kwamba hapana mtu atakayezitazama, na kila zilipofanya hivyo GRUB kiliamka na maneno yake yamefutwa katikati. Waandishi wa GRUB wangaliweza kulalamika tu. Badala yake walitia ndani ya kianzishi hesabu ya kurekebisha makosa iliyotungwa na Irving Reed na Gustave Solomon katika mwaka 1960, ile itumikayo katika santuri za CD, ili kipande kilichofutwa kiweze kujengwa tena kutokana na vilivyobaki. Mlango ukajifunza kujiponya.

Matengenezo ya GRUB yaliyo ya kawaida yana hatua mbili, nayo yafaa kuelezwa kwa ukamilifu kwa sababu hapa ndipo diski nyingi hupotea bure. Kioo kikionyesha maneno ya grub rescue, mashine inasema ya kuwa kipande cha mwanzo ki hai na kinangoja amri, ila hakijui jalada lake liko wapi. Amri ya ls hutaja vizigeu vyote. Mtu hutazama kimoja kimoja mpaka apate chenye jalada la boot. Kisha kwa amri ya set hukiambia kianzishi mahali pa jalada hilo, kwa insmod hupakia sehemu iitwayo normal, na kwa kuandika normal orodha ya mifumo hurudi. Hilo ni la siku moja tu. Ili lidumu, yapasa kuingia Linux na kuendesha grub-install na kisha update-grub. Kama Linux haiingiliki, mtu huwasha mashine kwa Linux iliyo katika flashi, hukifungua kizigeu kigonjwa, na hutumia chroot, yaani amri ya kubadili mzizi: fundi husimama katika mfumo wa kigeni, lakini kila amri aitoayo huhesabiwa kana kwamba imetolewa ndani ya mfumo mgonjwa. Katika hatua zote hizi hapana faili hata moja ya mwenyewe inayoguswa.

Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 kuna jambo jingine la kuangalia. GRUB kiliacha kutafuta mifumo mingine chenyewe, kwa sababu za usalama, na wengi waliona Windows imetoweka katika orodha wakadhani imefutwa. Kumbe yahitaji tu mstari mmoja katika faili ya mipangilio, wenye kusema kuwa os-prober isizuiwe.

Mpango wa 1983 ulifikia mwisho wake kwa sababu ya hesabu tu: jedwali lake haliwezi kutaja sekta zaidi ya zile ziwezazo kuandikwa kwa tarakimu 32 za uwili, ambazo kwa sekta za baiti 512 ni terabaiti 2 na ziada kidogo. Intel ilikuwa imeanza mpango mwingine mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mashine za Itanium, na mnamo 2005 uliwekwa chini ya baraza la makampuni na kuitwa UEFI. Chini ya UEFI kianzishi si baiti za mwanzo wa diski tena. Ni faili ya kawaida, katika kizigeu chake maalumu, na kila mfumo una jalada lake humo. Ubao wa mashine hutunza orodha ya majina na utaratibu wa kuyajaribu. Kwa mara ya kwanza mlango ulipata daftari, na mfumo mmoja haukulazimika kumfuta mwingine ili uingie. Matengenezo yakawa mepesi: mara nyingi ni kupanga upya orodha kwa amri ya efibootmgr, kwa kuwa mfumo mmoja umejiweka mbele ya mwenzake.

Lakini daftari lilileta mwenye daftari. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mashine zilizouzwa nayo zilitakiwa kuwasha ulinzi ambao hukataa kianzishi kisichotiwa sahihi, na funguo za kuthibitisha sahihi hizo zilizomo katika mbao nyingi ni za Microsoft. Linux ilipita kwa njia ya programu ndogo iitwayo shim, iliyotungwa na Matthew Garrett: Microsoft huitia sahihi shim, nayo shim humdhamini GRUB. Nia ya ulinzi huo si mbaya, kwani virusi vilivyojificha katika sekta ya kwanza vilikuwepo tangu miaka ya 1980. Mwezi Julai 2020 ilitangazwa kasoro iliyoitwa BootHole, iliyoonyesha ya kuwa GRUB kilichotiwa sahihi chaweza kudanganywa kwa faili yake ya mipangilio, na kwa hiyo vianzishi vingi halali vilipaswa kukataliwa kwa mara moja. Ubao hauna nafasi ya kuandika kila kilichokataliwa. Ikatungwa njia ya SBAT: kila kianzishi hutaja kizazi chake kwa namba, na mashine hukumbuka kizazi cha chini inachokikubali.

Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa masasisho ya Windows yaliyopandisha kizazi hicho. Ilikuwa imeeleza kuwa hayatazigusa mashine zenye mifumo miwili. Kumbe njia ya kuzitambua mashine hizo haikutosha, na nyingi ziliguswa. Shim ya zamani ilipoanza, ilijitazama, ikaona kuwa kizazi chake hakikubaliki, ikasema kwa Kiingereza kwamba jambo limeharibika vibaya, na mashine ikazimika. Windows ya humo humo iliendelea kufanya kazi. Tukio hili ni lile la miaka ya 1990 limerudi kwa vazi jingine: mfumo mmoja umeandika mahali pa pamoja, na jirani yake amefungiwa nje. Tofauti ni kuwa safari hii hapakuwa na baiti iliyofutwa wala faili iliyopotea, wala grub-install haikufaa kitu kama shim iliyomo ni ile ile ya zamani.

Dawa ilikuwa kuzima ulinzi wa sahihi katika mipangilio ya ubao, kuingia Linux, kuendesha mokutil kwa chaguo la --set-sbat-policy delete, kuwasha mashine tena na kuingia Linux mara moja, ndipo kuurudisha ulinzi. Kabla ya yote hayo, ambaye diski yake ya Windows imefungwa kwa BitLocker yampasa awe na ufunguo wake wa uokoaji mkononi, kwa kuwa Windows ikiona ulinzi umebadilishwa huweza kuudai. Masasisho ya Septemba 2024 hayakuwa na badiliko lile tena, na Microsoft ililihesabu tatizo kuwa limetatuliwa kwa masasisho ya Mei 2025.

Vyeti vilivyomo katika mbao hizo ni vya mwaka 2011, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani yake ni ya mwaka 2026. Vipya vilivyotengenezwa kuvirithi ni vya 2023. Mashine isiyovipokea vyeti vipya haizimiki siku hiyo, kwa kuwa mbao kwa kawaida hazilinganishi cheti na kalenda. Ila shim mpya iliyotiwa sahihi kwa cheti cha 2023 peke yake haitakubaliwa nayo. Fundi atakayeletewa mashine ya namna hiyo, yenye kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza, aanze kwa kuuliza ni vyeti gani vilivyomo katika ubao, kabla ya kunyoosha mkono kwenye diski.